Shemeji Yuko Kwenye Barafu

Wiki jana mliniacha jikoni, mkono wa kushoto umebabuka kwa maji ya sukari ya moto, mkono wa kulia umeshika mchi wa kinu, na meno mawili ya mbele ya Shemeji yangu sakafuni.

Kwa wale mliolala, niwarudishe nyuma kidogo, kisha tuendelee kuumia pamoja.

Mimi ndiye yule mama wa kaunta niliyefukuzwa hotelini baada ya mteja kunipasulia chupa kichwani, halafu akalalamika kwa meneja kwamba kichwa changu kimemharibia kinywaji. Nikaanza kutengeneza kokteli za matunda na maua nyumbani, nikiuza kwa chupa. Jumamosi akaja Shemeji, mdogo wake mume wangu, baunsa wa klabu, mwili kama kabati la nguo. Akataka kunywa bure. Nikamnyima. Akanimwagia sufuria ya maji ya sukari yaliyokuwa yanachemka. Nikamtwanga mchi wa mdomo.

Kibaya zaidi, alikuwa amekuja na mchumba wake. Yule binti alilitazama lile pengo, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Akavua pete, akaiweka mezani kando ya malimau, akaondoka zake huku bado anacheka.

"Nitakuua," Shemeji akaniambia, damu inamtiririka kidevuni. "Thikutanii, themeji. Nitakuua."

Nami sikujua kunyamaza. Mbele ya majirani waliojaa dirishani nikamjibu: "Rudi hapa nikuponde, nikukamue, nikuchuje!"

Jumapili Shemeji hakuonekana klabuni. Jumatatu simu yake ilikuwa imezimwa. Kwake hayupo, kwa dada yake hayupo. Mimi nilishukuru. Nilisema moyoni, aende huko huko alikokwenda, akirudi atakuta nimezeeka.

Basi Jumanne mchana nilikuwa na oda. Fundi cherehani wa mtaa wa pili alikuwa na sherehe yake ya kuzaliwa, na alitaka kreti nzima ya chupa zangu. Oda kama hiyo ndiyo inayomrudishia mtu heshima yake mjini. Mkono ulikuwa umefungwa bendeji na unauma kama jino, lakini nilijikaza kisabuni, nikafanya kazi.

Hapa lazima niwaambie jambo moja, maana ndilo lililotaka kuniua.

Kokteli lazima iwe na jina. Mteja hawezi kuagiza "ile nyekundu". Hotelini tuliziita majina ya visiwa na machweo. Mimi nyumbani sina kisiwa, nina wakwe. Nikaziita kwa hao hao niliopewa.

Mama Mkwe ni maembe na asali, tamu mdomoni kabisa, halafu tangawizi inakukaba kooni umeshameza. Wifi ni malimau na mnanaa, huwezi kumnywa bila kukunja uso. Na Shemeji ndiye mkali wao. Unaloweka maua ya rozela yaliyokaushwa kwenye maji ya moto mpaka maji yawe mekundu tii. Asumini changa unazifunika kwenye bakuli la maji baridi tangu jana yake, zitoe harufu taratibu. Unaponda tikiti, unakamua pasheni, unachanganya, unachuja. Mwisho unamimina jini, ile ya kunywa, ingawa na yenyewe hupanda kichwani.

Sasa tabu yake ni hii. Ukishakipa kinywaji jina la mtu, ulimi unagoma kukisema kama kitu. Husemi "nimekichuja Shemeji". Unasema "nimemchuja". Wateja wangu wote wamezoea, tunacheka, tunaendelea. Wakwe zangu peke yao ndio hawakuwa na habari.

Simu ikaita. Nikaibana kati ya sikio na bega, kwa sababu mikono yangu ilikuwa myekundu, huu mmoja hadi kiwikoni, ule mwingine hadi mwisho wa bendeji.

"Habari za jikoni, mama?" Alikuwa fundi cherehani.

"Nzuri. Jasho tu."

"Shemeji je? Wageni wangu wanamuulizia yeye tu."

"Huyo nimeshammaliza."

"Mapema yote hiyo!"

"Nilimponda jana, nikamkamua mpaka tone la mwisho. Kanisumbua, ana nyuzinyuzi huyo! Ikabidi nimchuje mara mbili kwa kipande cha shuka."

"Sasa umemweka wapi? Joto hili, asije akanuka."

"Yuko kwenye barafu, kwenye ndoo, nimemfunika. Na hawezi kunuka, nimemtia asumini."

"Makapi yake usitupe. Mimi huyatia kwenye maua yangu."

"Umechelewa. Nimeyafukia nyuma ya nyumba. Nzi walizidi, nikaona majirani wataanza kuuliza maswali."

Akacheka. "Na Wifi?"

"Wifi kesho asubuhi. Namtaka akiwa mbichi. Nitamkata vipande vyembamba, nimpake chumvi mdomoni."

"Mama Mkwe?"

"Mama Mkwe hana haraka. Huyo nitamchemsha."

Nje ya dirisha kukasikika mtu anavuta pumzi kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Kisha beseni langu la kufulia likapinduka. Nikadhani paka.

Hebu yasome tena mazungumzo yale, safari hii maneno yangu matupu, ukiwa umesimama chini ya dirisha langu, na wewe ndiye wifi yangu, na umekuja kunibembeleza nikuambie kama nimemwona mdogo wako.

Aliyekimbia hakuwa paka.

Nilikuwa naonja, nikiwaza limau nyingine, mlango wa jikoni ulipopigwa teke. Ukagonga friji, friji ikagonga ukuta. Aliyeingia kwanza alikuwa Bucha.

Bucha ni kaka mkubwa wa mume wangu. Ana bucha barabarani, na sote tunamwita hivyo, hata mama yake mzazi. Alikuwa amekuja na aproni yake ya kazini, damu mbichi kifuani, na kile kisu chembamba cha kutolea mifupa. Nyuma yake Wifi, kitambaa kimemvuka kichwani, anahema.

Tukatazamana, yeye na damu yake, mimi na rozela yangu.

"Mikono!" Wifi akapiga yowe. "Mwangalie mikono, kaka! Mwangalie!"

Sikupata nafasi ya kusema karibuni. Wifi alinirukia, akanishika nywele, akanibamiza paji la uso kwenye meza. Chupa zikaanza kuanguka moja baada ya nyingine. Nikamuuma mkono. Akanibamiza tena. Bucha akanipiga teke la ubavu, nikaenda chini, nikasikia kitu ndani yangu kinalia kama kijiti kikavu.

"Yuko wapi?" Bucha akauliza.

"Nani?"

Teke la pili. "Usinifanye mtoto mdogo. Shemeji yuko wapi?"

Ndugu zangu, mtu akishabamizwa kichwa mara mbili huwa hachagui maneno. Nilijibu ukweli niliokuwa nao.

"Yuko kwenye ndoo."

Wifi akaifunua ndoo. Akaona ule wekundu, barafu zinaelea, asumini nyeupe juu, na mbegu nyeusi za pasheni zikizunguka polepole. Alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa binadamu, akaanguka magoti, akakumbatia ndoo yangu ya kreti nzima.

"Kadogo ketu!" alikuwa analia. "Kitinda mimba chetu! Amemtia maua!"

Bucha akanigeukia. "Na mwili?"

"Mwili gani?"

"Ulioufukia nyuma ya nyumba. Dada amekusikia kwa masikio yake."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilielewa yote kwa mpigo, simu, dirisha, beseni, na badala ya kulia, nikacheka. Nilicheka kwa hofu, lakini nani angejua? Bucha alinipiga ngumi ya mdomo, nikaonja damu yangu mwenyewe, chumvi tupu.

Akaniburuza kwa mkono ule uliobabuka. Bendeji ikatoka na ngozi. Nilipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Majirani wakafungua madirisha, wakaona kisu cha Bucha, wakafunga madirisha.

Nyuma ya nyumba, chini ya mwasumini, udongo ulikuwa umechimbuliwa upya. Bucha akanisukuma chini, akaniwekea goti mgongoni, akafukua kwa mkono mmoja. Akaibuka na fumba la makapi, jekundu, linadondoka maji.

"Mungu wangu," Wifi akanong'ona. "Amemsaga."

Bucha akayatazama makapi. Akayanusa. Huyu mtu ameshika nyama tangu ujana wake, na mkono wake ulikuwa umeshamwambia jambo ambalo moyo ulikuwa haujakubali. Akachukua kidogo, akatia mdomoni.

"Kaka!" Wifi akapiga yowe. "Unamla mdogo wetu!"

"Ni chachu," Bucha akasema, anatafuna. "Kuna tikiti."

"Ni kinywaji!" nikapiga kelele, mdomo umejaa udongo. "Shemeji ni jina la kinywaji! Muulizeni fundi cherehani! Nimemponda, ndiyo, nimemchuja, ndiyo, ni rozela, ni pasheni, ni asumini!"

Goti la Bucha likalegea kidogo.

"Umekipa kinywaji jina la mdogo wangu?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kinapanda kichwani na kinaanzisha fujo."

Nadhani Bucha alitaka kucheka, mdomo ulimcheza upande mmoja. Lakini Wifi alikuwa bado anakumbuka simu.

"Na Wifi ni nani? Wa kukatwa vipande?"

Nikafikiria kudanganya. "Ni malimau," nikasema.

Akanichapa kofi. Hilo kofi silidai kwa mtu yeyote, lilikuwa halali yangu.

Nilidhani yamekwisha. Nilishaanza kuhesabu moyoni nitaokoa chupa ngapi. Bucha akaninyanyua, akanirudisha jikoni karibu kwa upole, akanikalisha kitini. Kisha akakaa mbele yangu, akasogeza ubao wa kukatia, akaweka mkono wangu juu yake, kati ya maganda ya limau.

"Basi nimekubali," akasema. "Kilichomo ndooni ni matunda. Sasa niambie, mdogo wangu yuko wapi?"

"Sijui, kaka mkubwa."

"Mtaa mzima ulikusikia Jumamosi. Ulisema utamponda."

"Yeye alisema ataniua!"

"Na wewe mbona uko hai, yeye haonekani?"

Mpaka leo naliona lilikuwa swali zuri.

"Ninatenganisha viungo kila siku," Bucha akasema. "Situmii nguvu. Natafuta pale kifupa kinapokutana na kifupa. Nitaanza na hiki kidogo. Ukikumbuka, utaniambia niache."

Wifi akanishika mabega kwa nyuma. Nikamsikia anasema, "Kaka, labda kweli hajui." Lakini hakuniachia.

Niliogopa. Sitaki mtu anisifie ushujaa, niliogopa mpaka nikajikojolea. Kisu kikagusa kifundo cha kidole cha mwisho. Kikaingia. Damu na maji ya limau vikakutana, na nikaona cha moto chenyewe hasa.

"Mwache."

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa mume wangu.

Mume wangu ni fundi welda, mtulivu kama maji mtungini. Katika ndoa yetu yote hajawahi kupandisha sauti, hata kwa kuku. Wifi alikuwa amempigia simu wakati anakimbilia bucha, akamwambia mkeo amemuua mdogo wetu na amemtia kwenye barafu. Amekuja mbio kutoka karakana, miwani ya giza imepanda kwenye paji la uso, glavu moja mkononi na nyingine sijui kaiacha wapi.

"Toka nje, mdogo wangu," Bucha akamwambia bila kugeuka. "Haya usiyaone."

"Mwacheni mke wangu. Hajamgusa." Akameza mate. "Ni mimi."

Kisu kikasimama.

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyemfanya asionekane."

Wifi akaniachia mabega. "Kaka, umemuua?"

"Nimemchomelea."

"Umemchoma?!"

"Nimemchomelea," mume wangu akasema, taratibu, kama anamweleza mteja wa geti. "Ndani ya kontena, kule karakana. Nimemfungia, nikauchomelea mlango."

Mimi hata maumivu yalinipotea kwa muda.

Akatuambia yote akiwa amesimama pale pale mlangoni. Jumapili asubuhi Shemeji alikuja karakana na panga jipya, bado lina stika ya dukani. Akamwambia kaka yake, ninolee hili vizuri, nikamkate mkeo kichwa, halafu nitakutafutia mwingine mwenye adabu. Alimwambia hivyo mume wangu usoni. Aliona kwamba mtu asiyepandisha sauti hana pia hasira.

"Nikamwambia, jiwe la kunolea liko ndani ya kontena, ingia ulichukue. Akaingia, panga mkononi. Nikafunga. Nilitaka kumfungia tu kidogo, apoe. Lakini akaanza kuusukuma mlango, na ule mwili mnaujua. Komeo likapinda. Mashine ilikuwa iko karibu, inawaka. Nikachomelea."

"Tangu Jumapili?" Bucha akauliza.

"Kuna tundu. Nampa maji na mkate."

"Anazungumza?"

"Jumapili alitukana kutwa. Jana alikuwa anagonga. Leo asubuhi pia aligonga." Akanitazama mimi, si wao. "Tangu saa sita hagongi."

Nilimpenda mume wangu saa ile kuliko siku aliyonioa, na papo hapo nilitamani kumzaba vibao. Siku mbili mtu huyu alilala kando yangu, akanibadilishia bendeji, akaniuliza kama chakula kina chumvi, na mdogo wake yumo ndani ya bati, juani.

Bucha akasimama. Hakupiga kelele. Alinishika nywele kwa mkono wa kushoto, akaweka kisu chini ya kidevu changu, akamwambia mume wangu, "Tangulia. Ukifungua nikamkuta mzima, nitamwachia mkeo. Nikimkuta maiti, utakuwa na maiti wawili wa kuzika."

Karakana iko nyuma ya mtaa wetu, kiwanja cha vyuma vikuukuu na mageti ambayo hayajalipiwa. Tulikatiza barabara hivyo hivyo, mume wangu mbele, mimi na kisu changu katikati, Wifi nyuma anasali kwa sauti. Watu wakatupisha.

Kontena lilikuwa linatoa joto kama jiko. Ukisogea, uso unawaka. Kwenye kingo za mlango kulikuwa na ule mshono wa kuchomelea, safi, umenyooka, kazi ya fundi. Hata kwenye hasira mume wangu hakuweza kufanya kazi mbovu.

Wifi akagonga bati kwa kiganja. "Mdogo wangu! Ni mimi dada yako! Uko hai?"

Kimya.

"Sema neno, mwanangu! Neno moja!"

Nikahisi mkono wa Bucha unaanza kukaza nywele zangu. Nikafumba macho.

Ndipo tukasikia. Haikuwa sauti ya kugonga. Ilikuwa sauti ya kitu kinakwaruzwa, taratibu, kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi.

"Niko hai," Shemeji akasema kutoka ndani, kwa upole kabisa, kwa ule ulimi wake mpya. "Thijalala. Jiwe nimelipata, kaka. Lilikuwa chini ya makopo ya rangi. Tangu mchana nanoa."

Wifi akalia kwa furaha. Aliangukia bati, akaungua shavu, hakujali. Bucha akashusha pumzi ndefu.

"Fungua," akamwambia mume wangu.

Mume wangu akawasha moto wa gesi. Ukavuma, ukawa wa bluu. Akashusha miwani. Akausogeza moto kwenye mshono, kisha akausimamisha.

"Mdogo wangu," akaita. "Nikikufungulia, utamfanya nini mke wangu?"

Kule ndani jiwe likasimama.

"Ukweli?"

"Ukweli."

"Nitafanya nilichothema."

Mume wangu akafunga gesi. Moto ukazimika. Akaweka bomba chini, akasimama na mgongo wake kwenye mlango, mikono imelegea pembeni.

"Sifungui," akasema.

"Mdogo wangu, fungua," Bucha akasema. "Nina kisu kwenye shingo ya mkeo."

"Naona. Na yeye ana panga. Nichague nani amuue?"

"Atakufa kwa joto humo ndani!" Wifi akapiga yowe. "Ni damu yako, kaka!"

Mume wangu alianza kulia. Machozi yalitokea chini ya miwani ya giza, yakashuka kwenye masizi. Sikuwahi kumwona akilia. Akaniambia, kana kwamba tuko wawili tu, "Mke wangu, sema wewe. Mimi akili imefika mwisho."

Nilitaka kumwambia asifungue. Nakuapieni nilitaka. Shingo ni yangu, kichwa ni changu, na sikumtuma mtu yeyote aje kunywa bure. Lakini nilimtazama yule mtu amesimama pale na glavu moja, nikaona kwamba nikisema usifungue, ama nakufa mimi sasa hivi mbele yake, ama ndugu yake anaoka kwa ajili yangu, na kila geti atakaloshona maisha yake yote atauona mshono huu.

"Fungua," nikasema. Kisu kilinikwaruza niliposema.

"Mke wangu."

"Fungua, baba. Usiwe muuaji kwa sababu yangu."

Akawasha tena. Moto ukala mshono wa juu, ukashuka upande, cheche zikaruka hadi miguuni mwetu. Ndani hapakuwa tena na sauti ya jiwe. Palikuwa na sauti ya mtu anasimama, anajinyoosha, anasogea karibu na mlango.

Nikasubiri Bucha aniachie kama alivyoahidi. Aliondoa kisu shingoni, kweli. Kisha akanishika mabega kwa mikono yote miwili, akanisogeza mbele, akanisimamisha hatua moja kutoka mlangoni.

"Kaka mkubwa, ulisema utaniachia."

"Nimekuachia," Bucha akasema. "Ila ulivunja meno ya kijana wetu. Haya malizeni wenyewe."

Mume wangu hakusikia, moto ulikuwa unavuma masikioni mwake. Alikuwa amepiga magoti, anakata kipande cha mwisho kule chini, hajui niko nyuma yake.

Chuma kilikuwa bado kimeshika kidogo, mlango ulipoanza kusukumwa kutoka ndani.